Hereni ya ng'ombe, pete ya ndege na lebo ya mtumba: chipu hizi zinaona nini hasa?

Koti nililonunua soko la mitumba la Mlango Mmoja, hapa Mwanza, lilikuwa safi kila mahali isipokuwa mikono, iliyozidi kama inchi nne. Nikalipeleka kwa fundi wangu wa cherehani, Kirumba. Alipoligeuza ndani nje akakuta lebo nyeupe ya kitambaa ubavuni, pana kuliko za kawaida, imeshonwa kama kijifuko. Akaifumua kwa wembe. Ndani mlikuwa na utepe wa plastiki, na juu ya utepe mistari myembamba ya rangi ya fedha iliyopindapinda kama njia ya mchwa ukutani. Katikati ya mistari kulikuwa na kitone cheusi, kidogo kama mbegu ya mchicha.

"Hii si lebo," akasema fundi. "Hii ni ile ya kukufuatilia."

Haikupita dakika tano kibanda kikajaa wataalamu. Dada anayeuza vitenge mlango wa pili alisema wazungu wanaziweka ili wajue nguo zao zimefika wapi. Kijana wa bodaboda akaongeza kwamba ndizo hizohizo wanazotobolewa ng'ombe masikioni, na kwamba serikali ikitaka kujua una ng'ombe wangapi inafungua kompyuta Dodoma na kuwaona mmoja mmoja wakinywa maji. Mzee aliyekuja kuchukua suruali yake akafunga mjadala: aliwahi kuona ndege Ukerewe ana pete mguuni yenye maandishi ya kigeni, kwa hiyo siku hizi hata ndege si wa kumwamini.

Hereni, lebo na pete vina undugu kweli, hapo hawakukosea. Walikosea kwingine, na wote watatu mahali palepale.

Kilichokuwa ndani ya koti langu kinajulikana duniani kwa herufi nne, RFID. Kwa Kiswahili ni utambuzi kwa mawimbi ya redio. Kile kitone cheusi ni chipu, na ndani yake hamna kitu cha ajabu: kuna namba. Ile mistari ya fedha ni antena yake. Upande wa pili kuna kisomaji, yaani mashine inayotoa mawimbi na kusikiliza jibu. Na nyuma ya kisomaji kuna daftari, orodha kwenye kompyuta inayosema namba fulani ni koti la bluu saizi fulani, au ni ng'ombe wa fulani. Chipu, kisomaji, daftari. Karibu kila uvumi unaozunguka mtaani umezaliwa na kumpa mmoja wa hawa watatu kazi ya mwenzake.

Betri je? Hakuna. Na hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa hiyo twende taratibu.

Simama Capri Point usiku ambao mwezi haujatoka. Huko ziwani utaona kama mji mwingine umewaka: ni taa za wavuvi wa dagaa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Kila taa inakula nishati yake yenyewe, na inaonekana kutoka mbali, utake usitake. Sasa geuka utazame barabarani. Mtu anaendesha baiskeli gizani, na nyuma ya baiskeli kuna kile kioo chekundu cha plastiki. Hakina balbu wala waya. Lori likikimulika kinawaka kama kaa la moto. Lori likipita, giza. Dereva aliye kilomita tano nyuma hakioni, na hawezi kukiona hata akipanda cheo.

Chipu ya koti ni kile kioo cha baiskeli. Kisomaji ndicho lori. Tofauti ni kwamba chipu hunyonya sehemu ndogo ya nishati ya mawimbi yanayoipiga, ikaamka, ikataja namba yake kwa kuyarudisha mawimbi kwa mpangilio fulani, ikalala. Saa nyingine zote imekaa kimya kama jiwe la Bismarck pale ziwani. Zipo pia chipu zenye betri, hizo ni ndugu za karabai, lakini ni ghali, ni kubwa, na hutazikuta kwenye lebo ya koti la mtumba.

Kwa haki, hofu ya ujasusi haikutoka hewani. Mwaka 1945 watoto wa Kisovieti walimzawadia balozi wa Marekani mjini Moscow nembo ya taifa lake iliyochongwa kwa mbao. Ikatundikwa katika chumba chake cha kazi. Ndani ya mbao kulikuwa na kifaa kisicho na betri wala waya, kazi ya Mrusi aliyeitwa Leon Theremin. Walipokimulika kwa mawimbi ya redio kutoka nje ya jengo, kilirudisha mawimbi yaliyobeba sauti za waliokuwa wakizungumza ndani. Wamarekani walikuja kukigundua mwaka 1952. Kwa hiyo babu wa lebo ya koti langu alikuwa jasusi kweli. Lakini hata yeye, bila mtu wa kummulika kutoka karibu, alikuwa kipande cha mbao tu.

Kwa nini simu yangu haikuisoma

Nilipotaka kuwaonyesha hivyo pale kibandani, nikabandika simu juu ya lebo. Kimya. Bodaboda akacheka. Nikaitoa kadi ya benki nikaibandika palepale, simu ikatoa mlio mara moja. Kicheko kikaisha, maana sasa mwenye hofu alikuwa kila mtu mwenye kadi mfukoni.

Sababu ni masafa. Redio yako haiwezi kushika stesheni mbili tofauti kwenye namba moja, na chipu hizi nazo zina mitaa yake. Kuna zinazotumia mawimbi ya chini, kilohezi 125 au 134.2. Husomeka kwa karibu tu, lakini mawimbi yake hupita kwenye maji na nyama bila shida. Hizo ndizo za wanyama. Kuna za kati, megahezi 13.56: kadi za benki za kugusisha, kadi nyingi za milango ya hoteli, pasipoti za kielektroniki ambazo Tanzania ilianza kuzitoa mwaka 2018, na simu yenye uwezo wa kuzisoma. Halafu kuna za juu, kati ya megahezi 860 na 960, ambazo kisomaji chake huzifikia kwa mita kadhaa. Koti langu lilikuwa la mtaa huo, simu haina njia ya kufika huko.

Mtu atauliza: kama za juu zinafika mbali, kwa nini zisitumike kila mahali? Jibu lipo kwenye viwanda vyetu vya samaki. Chukua boksi la minofu ya sangara, lijaze barafu inayoyeyuka, ubandike juu yake chipu ya masafa ya juu. Maji huyameza mawimbi hayo, na ukiweka boksi kwenye toroli la chuma, chuma kinayatawanya. Kisomaji kitahangaika. Ng'ombe naye ni mfuko mkubwa wa maji wenye pembe. Ndiyo maana mafundi wa kuhesabu makoti na mafundi wa kuhesabu mifugo hawakuchagua mawimbi mamoja.

Kwenye makoti ndipo teknolojia hii inapong'aa. Barkodi, ile mistari myeusi ya kwenye sabuni na maziwa, lazima ionekane, moja baada ya nyingine. Chipu haihitaji kuonekana. Mfanyakazi wa duka la nguo anapita na kisomaji mkononi kando ya makoti yaliyotundikwa, na mamia yanajibu kwa muda mfupi. Yakijibu kwa pamoja si itakuwa kelele? Itakuwa, kama darasa la kwanza mwalimu akiuliza nani hajala. Kwa hiyo kisomaji kinaziambia chipu zijichagulie namba za bahati, na kila moja isubiri zamu yake, mithili ya tiketi za foleni. Zikigongana, zinachagua upya. Yote hayo ni kufumba na kufumbua.

Siku koti langu lilipouzwa mara ya kwanza, huko lilikouzwa, daftari la duka liliandika kuwa limetoka. Hapo kazi ikaisha. Namba bado imo, ila imebaki kama namba ya nyumba iliyobomolewa. Tena kwenye ile lebo palichorwa mkasi mdogo na mstari wa nukta, maana yake kata hapa. Jasusi gani anakuonyesha pa kumkatia?

Hereni na daftari lake

Mjadala wa hereni umekuwa mkali Kanda ya Ziwa, na ukawa mkali zaidi tangu Juni 2025, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo ilipozinduliwa Bariadi mkoani Simiyu. Sheria yenyewe si ya jana. Sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo ni ya mwaka 2010. Nadhani hilo neno la mwisho, ufuatiliaji, ndilo lililoleta balaa. Msukuma mwenye ng'ombe wake akisikia ufuatiliaji anamwona mtu nyuma ya kichaka. Sheria inamaanisha kitu kingine: kuweza kurudi nyuma, kutoka kwenye nyama buchani mpaka kwenye zizi, kuuliza ng'ombe huyu alitoka wapi na alichanjwa lini.

Hereni ya kielektroniki inayofuata kanuni ya kimataifa ya wanyama husomwa kwa kilohezi 134.2 na hutoa namba ya tarakimu 15. Tarakimu tatu za mwanzo zinaweza kuwa za nchi, na ya Tanzania ni 834. Zilizobaki ni za mnyama, na nafasi zilizotengwa kwa nchi moja zinazidi bilioni 274, kwa hiyo ng'ombe hawatazimaliza. Msomaji anashika fimbo ya kusomea na kuisogeza karibu na sikio, umbali wa mkono hivi. Akiwa Misungwi mnadani anasoma wa mnadani. Dodoma hawaoni chochote mpaka mtu aliyesimama karibu na ng'ombe asome na kutuma.

Je, hereni inazuia wizi? Kidogo sana. Ni kama namba ya gari: inamsumbua mwizi anapotaka kuuza, haimzuii kuondoka. Na mwizi ana kisu, sikio linakatika. Kwingine duniani hutumia kidonge cha kauri chenye chipu, ng'ombe anakimeza na kinakaa kwenye moja ya vyumba vya tumbo lake maisha yote. Hicho hakikatwi kwa kisu mpaka siku ya machinjio.

Na nyama haidhuriki. Chipu haitoi chochote inapokuwa peke yake, na mawimbi ya kisomaji ni ya ukoo uleule wa redio mnayosikilizia mpira.

Ndege

Sasa mzee wetu wa Ukerewe. Pete aliyoiona, kwa jinsi alivyoieleza, haikuwa na umeme wowote. Ilikuwa pete ya alumini yenye namba na anwani, mtindo ulioanzishwa na mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, mwaka 1899 alipowavisha kwezi pete za namna hiyo. Ndege akiokotwa mbali, aliyemwokota anatuma namba, na wenye daftari wanajua amesafiri kutoka wapi.

Kabla ya pete, alama ya uhakika kuliko zote ilitoka huku kwetu Afrika bila mtu kukusudia. Mwaka 1822 korongo mweupe alipatikana Ujerumani kaskazini akiwa na mkuki umemchoma shingoni, mkuki wa Kiafrika, urefu karibu sentimita 80, na alikuwa ameruka nao mpaka kwao. Wakati ule Ulaya kulikuwa na wasomi waliobishana kama ndege hulala chini ya maji wakati wa baridi. Korongo yule akawajibu kwa mwili wake. Mpaka leo amehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rostock. Korongo weupe bado wanakuja kila mwaka, unaweza kuwaona kwenye mbuga za kuelekea Serengeti wakiokota panzi.

Chipu kwa ndege ni hatua ya juu ya pete. Ni kichupa cha kioo chenye urefu wa milimita 12 na unene wa kama milimita 2, sawa na punje ya mchele ndefu, uzito gramu 0.1 tu, nacho hufungwa kwenye pete ya mguuni au huwekwa chini ya ngozi. Uzito ndio kila kitu. Watafiti wengi hujiwekea mpaka kwamba ndege asibebe zaidi ya asilimia 3 ya uzito wake. Mbayuwayu ana gramu kama 20, kwa hiyo mzigo wake halali ni gramu 0.6. Kifaa cha kutuma taarifa kwa setilaiti hawezi kukibeba, kitamwangusha ziwani. Punje ya mchele anaibeba bila kujua. Korongo mfukoshingo, yule mwenye upara anayesimama majalalani kama mzee wa baraza, ana kilo kadhaa, na huyo ukimtwika kifaa chenye sola na setilaiti atakuangalia tu kwa dharau.

Na hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Kifaa cha setilaiti kinasema niko wapi. Punje ya mchele inasema mimi ni nani, tena ikiulizwa, tena kwa karibu. Haimfuati ndege. Inamsubiri mlangoni.

Inafanyika hivi. Katika msitu wa Wytham, karibu na Oxford, Uingereza, wameweka vyombo vya punje za chakula, na kwenye kijiti anachotua ndege kumezungushiwa antena. Kila ndege mdogo mwenye pete akitua, kisomaji kinaandika namba na saa. Baada ya msimu wana maelfu kwa maelfu ya mistari: nani alikuja na nani, nani huja peke yake, nani alimwiga mwenzake. Wafuga njiwa wa mashindano huko Ulaya nao wanatumia pete za chipu: njiwa anatua kwenye kibao cha mlango wa banda, saa inasimama, hakuna tena kugombania nani kafika kwanza.

Ningependa kuiona kwa mdiria wetu. Yule mweusi na mweupe anayesimama hewani juu ya maji kama helikopta, kisha anajitupa. Anachimba shimo kwenye ukingo wa udongo na kutaga mle. Mtafiti Heinz-Ulrich Reyer aliwachunguza mdiria wa Ziwa Victoria na wa Ziwa Naivasha, na akakuta kitu kizuri: jozi husaidiwa kulisha makinda na madume wengine, wengine watoto wao wa zamani, wengine si ndugu kabisa. Kwenye Ziwa Victoria, ambako kupata samaki kulikuwa kugumu zaidi, wenye nyumba walikuwa wepesi kumkubali msaidizi wa nje. Kazi kama ile inataka kuwatia alama ndege na kukaa saa nyingi ukitazama. Leo ungeweka kitanzi cha waya mdomoni mwa shimo, ukaenda zako kula, na ukirudi jioni daftari linakwambia nani kaingia mara ngapi. Halitakwambia alileta samaki gani, wala kama alimdhulumu kinda wa mwisho. Hayo bado yanataka macho.

Hofu ya ndege jasusi haiko Ukerewe peke yake. Mwaka 2013 korongo mweupe alikamatwa mkoa wa Qena nchini Misri, akafikishwa polisi kwa ajili ya kifaa cha mgongoni. Ikathibitika ni cha watafiti, kilichofungwa Hungary. Akaachiwa huru. Siku chache baadaye akawa amekufa, wanakijiji wa kisiwani wamemla.

Kadi yangu ilikuwa kazini, mimi nilikuwa msibani

Mnaoogopa chipu ya kwenye chanjo: kichupa kile cha milimita 2 hakipiti kwenye sindano ya chanjo, ambayo ni nyembamba mara kadhaa kuliko hicho kichupa. Sindano ya kumpandikizia mnyama chipu ungeiona ukakimbia mwenyewe.

Mnaoogopa kadi ya benki kunyonywa kwenye daladala ya Buzuruga: mwizi angehitaji kuisogelea kwa sentimita chache, na kadi hizi hutoa kwa kila malipo msimbo unaotumika mara moja tu. Pasipoti nayo haifungui mdomo mpaka kisomaji kipate kwanza maandishi ya ukurasa wake wa ndani. Yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii" bado ni mwizi mkubwa zaidi, na hatumii mawimbi ya ajabu.

Mimi ninaloliogopa ni daftari. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo mlango ulifunguka kwa kadi. Siku moja nilikuwa Magu msibani, kwa ruhusa. Mwenzangu aliyepoteza kadi yake akachukua yangu mezani, akaingia nayo na kutoka nayo mara sita. Mwisho wa mwezi daftari likasema nilikuwepo kazini, kwa hiyo barua yangu ya ruhusa ni ya uongo, na kwa hiyo nilitaka siku mbili kwa moja. Nilibishana na mashine wiki nzima. Kisomaji hakikukosea: kiliiona kadi. Aliyekosea ni aliyeandika kwenye daftari kwamba kadi ni mtu. Na ziko kadi za zamani za milango, zile za kilohezi 125, ambazo namba yake inanakiliwa kwa mashine ya bei ndogo, ukawa na pacha usiyemjua.

Kwa hiyo mfugaji akiuliza nani anaweza kulifungua daftari la hereni, nani anaweza kulibadilisha, na ng'ombe akifa namba yake inafutwa na nani, anauliza la maana kuliko la setilaiti.

Niliyaeleza haya pale kibandani, kwa kifupi kuliko hapa. Bodaboda alishapata abiria, akaondoka katikati. Fundi aliukunja ule utepe akaurudisha ndani ya lebo na kuanza kuishona upya. Nikamwambia aitupe, haina kazi.

"Wewe," dada wa vitenge akadakia, "ukiitoa hiyo watasema ni koti la Kariakoo."

Fundi akaongeza mia tano kwenye bei ya mikono.